Matofaa Yasiyovaa Dawa

Kifungo cha juu kilimshinda. Mume alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kidevu juu, vidole vikitafuta tundu la shati, na kila vilipokaribia kulipata mkono uliruka. Mkewe hakumsaidia. Alikuwa amejifunza kutomsaidia, maana akiwahi tu, mume hununa kutwa nzima. Alisimama mlangoni akijifunga kitambaa kichwani, macho yake akiyaelekeza uani, kwenye kreti za matofaa zilizopangwa juu ya mkokoteni.

"Acha wazi hicho," alisema hatimaye. "Huendi harusini."

"Naenda bohari."

"Naenda mimi. Wewe unabaki."

"Utabishana nao."

"Ndiyo maana unabaki."

Mume alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likakaribia magoti. Alipoinuka, macho yalikuwa na maji.

Mikono ile ilikuwa imebeba bomba la Chama cha wakulima tangu ujanani. Kila wiki ya msimu wa mvua alipita safu kwa safu, bomba mgongoni, akipulizia dawa ya ukungu kwenye mitofaa ya wanachama wote, kitambaa kilicholowa kikiwa kimemfunga pua. Kwanza ngozi ilipasuka katikati ya vidole. Kikaja kikohozi. Ukaja mtetemeko, ambao tabibu wa zahanati ya Chama aliuita uchovu. Basi Chama kikampumzisha, na bomba lilelile, lenye mikanda ileile iliyokatika ikaungwa kwa waya, akapewa mdogo wake.

"Nisikilize, mama watoto," mume alisema. "Chukua unga wa ngano. Kidogo tu. Uyapake matofaa juu juu, kama wenzako."

"Unga?"

"Watu wote wanapaka. Dawa ikipungua bombani wanamalizia kwa unga. Mpokeaji wa bohari anafuta kwa kidole, anaona weupe, anapitisha. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ndiye Chama?"

"Nikipaka unga nimekubali kwamba tofaa lazima liwe jeupe. Mwaka kesho watataka weupe zaidi. Mwaka wa tatu mdogo wako naye hana vidole." Alikaza fundo la kitambaa. "Mimi nimefagia, baba. Mgongo wangu ndio dawa yangu. Sipaki kitu."

Jina lake pale kijijini lilikuwa Mama Ufagio, na walimpa kwa kumcheka. Bwana Shamba alipokuja mara ya kwanza, akiwa bado na viatu visivyojua matope, aliwakusanya wanachama na kuwaonyesha jani lililooza chini ya kioo cha kukuzia. Ukungu unaoleta upele kwenye tofaa, aliwaambia, hulala humu ndani ya jani lililoanguka. Mvua ya kwanza ikiligonga, unaamka na kurukia majani machanga. Fagieni majani yote kabla ya mvua, yafukieni. Pogoeni matawi ya katikati, jua na upepo viingie, mti ukauke upesi. Ondoeni tunda lenye doa mara mnapoliona. Mkifanya hivyo, dawa mtaihitaji kwa nadra sana, na miaka mingine hamtaihitaji kabisa.

Wanaume waliuliza kama watapewa na kitambaa cha kupigia deki. Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Yeye alirudi nyumbani akatafuta ufagio.

Msimu ule alifagia kipande chake chote, chini ya kila mti, akiinama mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Alichimba shimo, akafukia majani, akakanyaga udongo juu yake. Alipanda ngazi na msumeno mdogo akafungua miti katikati. Mvua zilipoanza na kundi la mabomba likafika, alisimama mwanzoni mwa safu, mikono kiunoni. Aliyekuwa mbele alikuwa shemeji yake, yule mdogo wa mumewe aliyepewa bomba.

"Pita, shemeji," alimwambia. "Hapa huna kazi."

Shemeji aliitazama miti, akamtazama yeye. Alishusha kitambaa puani. "Wakiniuliza?"

"Waambie nilikuzuia. Waambie nilikuwa na panga."

"Unalo?"

"Nina ufagio."

Shemeji alicheka, akapita. Hivyo wiki baada ya wiki. Na matofaa yalikua mekundu upande wa jua, kijani upande wa kivuli. Machache yalipata doa, akayatoa. Hakuna aliyemshtaki kwa Chama, maana kila mmoja alikuwa na siri yake ya unga.

Kwenye geti la bohari foleni ilikuwa ndefu. Jirani yake alikuwa mbele yake, na chini ya kucha za jirani mlikuwa na weupe uliogandana kama donge la uji. Mama Ufagio aliuona, jirani akajua kwamba umeonekana, akaficha mikono mfukoni.

Mpokeaji alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyevaa glavu nyeusi mkono mmoja tu. Alichagua tofaa kwenye kreti ya jirani, akapitisha kidole. Glavu iliondoka na mstari mweupe. Tofaa lenyewe lilikuwa na upele mpaka kwenye kikonyo, magamba meusi yaliyopasuka kama kisigino cha kiangazi.

"Limevaa," alisema mpokeaji. "Pitisha. Aaa, Mama Ufagio! Leo umetuletea matunda au majani?"

Foleni ilicheka. Yeye naye alicheka kidogo, akashusha kreti.

Mpokeaji alipitisha kidole. Akakitazama. Akachukua tofaa jingine, na jingine kutoka chini kabisa. Glavu ilibaki nyeusi. Uchangamfu ukamtoka.

"Yako uchi haya."

"Yana doa?"

"Siulizwi madoa mimi, dada. Naulizwa dawa."

"Yatazame kwanza."

"Nimeyatazama." Alishusha sauti. "Mazuri kuliko yote ya leo. Sasa nifanye nini? Nami nina watoto." Kisha akainua sauti ile ya kazini: "Mwenyekiti! Kuna uchi hapa!"

Mwenyekiti wa Chama alitoka ofisini bila haraka, Bwana Shamba nyuma yake. Alikuwa mtu mpole, sauti yake ya taratibu, hakuwahi kumfokea mtu. Kwenye mkanda wake ulining'inia mnyororo wenye funguo mbili: wa bohari, na wa duka la dawa lililokuwa upande wa pili wa ukuta huohuo.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Anatetemeka."

"Mpe pole." Alichukua tofaa moja, akaligeuza mkononi. "Mtaalamu, hebu. Hili vipi?"

Bwana Shamba alilishika. Lilikuwa zito, gumu, limekaza ngozi. "Ni tunda zuri," alisema.

"Sikuuliza uzuri. Lina dawa?"

"Halina."

"Basi."

"Bwana Shamba," alisema Mama Ufagio, "ni wewe uliyenifundisha kufagia. Ulituonyesha jani."

"Nilisema ni njia ya nyongeza, mama."

"Nyongeza hukusema. Ulisema tukifanya hivyo dawa tutaihitaji kwa nadra. Nami nimekusikiliza. Katika watu wote hawa, ni mimi tu niliyekusikiliza."

Bwana Shamba alivitazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vimeyazoea matope. "Nilifundisha yaliyo sahihi," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini hapa pana Chama. Mimi nina barua ya kazi ambayo mwenyekiti anaisaini kila mwaka."

"Anaona haya, mwacheni," mwenyekiti alisema, akitabasamu. "Mama, tusifike mbali. Sheria unaijua. Shamba lisilopuliziwa ni shamba chafu. Ukungu wako unaruka kwa jirani. Ardhi ni ya Chama, miti inakatwa, kipande anapewa anayefuata taratibu. Mimi sipendi tufike huko. Ingia hapo dukani, chukua dawa, yapulizie humohumo kwenye kreti. Yakikauka nitayapokea mwenyewe. Yaishe."

"Kwenye kreti? Si yameshachumwa? Si yanakwenda kuliwa?"

"Yataoshwa huko yanakokwenda."

"Na mikono inayopulizia," aliuliza, "inaoshwa wapi?"

Mtu fulani nyuma ya foleni alikohoa, kile kikohozi ambacho wote pale walikifahamu, na akajitahidi kukimeza.

"Nani alikuruka?" mwenyekiti aliuliza, bado kwa upole. "Kundi la mabomba lilipita kwako. Nani?"

"Hakuna aliyeniruka. Niliwafungia njia."

"Wanaume wote wale?"

"Ndiyo. Wanaume wako wanaogopa ufagio."

Mwenyekiti alilichukua tofaa kwa Bwana Shamba, akalirudisha kwenye kreti, taratibu, kama mtu anayerudisha yai, akajifuta vidole kwa leso.

"Geti lifungwe kwa huyu," alisema.

Mama Ufagio alichukua tofaa lilelile alilolishika mwenyekiti. Aliling'ata pale pale mbele ya geti, bila kulifuta kwenye nguo, akatafuna mpaka maji yakamtoka kwenye pembe za mdomo. Kisha akainua jingine, jeupe, kutoka kwenye kreti za jirani zilizokwisha kupimwa.

"Ng'ata na wewe, mwenyekiti. Limevaa hili. Limepita. Ng'ata kidogo tu watu wakuone."

Mwenyekiti alikuwa ameshageuka. Mlinzi alisukuma geti. Jirani yake, mikono ingali mfukoni, alisema kwa sauti ya kunong'ona, "Dada, ungepaka tu," na Mama Ufagio hakujua kama anamwonea huruma au anamwomba msamaha.

Alivuta mkokoteni kurudi nyumbani. Njiani aliwagawia watoto wa watu matofaa, akisema yaleni hivyohivyo, msioshe. Wakala.

Waliokuja kukata walikuja asubuhi iliyofuata, ukungu wa milimani ukiwa bado chini kwenye nyasi. Kulikuwa na misumeno, na wachumaji wa Chama na kreti tupu. Mpokeaji alikuwemo na glavu yake. Mbele yao wote, bomba mgongoni, mikanda imeungwa kwa waya, alikuwa shemeji.

Mama Ufagio alikuwa ameegemea mti wa kwanza wa safu ya kwanza, mikono ameizungusha nyuma kwenye shina. Matawi ya juu yalikuwa bado yamejaa. Alikuwa amechuma yaliyoiva kwanza tu.

"Mbona bomba?" aliuliza. "Mti unaokatwa unapuliziwa ya nini?"

"Taratibu," mwenyekiti alijibu. "Shamba chafu hupuliziwa kwanza, ndipo hukatwa. Ukungu usiruke."

"Na hao wenye kreti?"

"Matunda ni mali ya Chama. Hatutupi chakula."

Alimtazama, kisha akawatazama wachumaji, na alipoelewa alianza kucheka. Alicheka kwa nguvu, mgongo kwenye shina, mpaka mpokeaji akageuza uso.

"Yatapita!" alisema. "Yakipuliziwa hapa yatapita! Jana uchi, leo yamevaa, na tofaa ni lilelile!"

"Toka hapo, mama."

"Sitoki."

"Utaumia."

"Uliniambia yanaoshwa. Na mimi nitaoshwa."

Mwenyekiti alimgeukia shemeji. Aliongea kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Kaka yako ulimrithi bomba. Kuna wengi wanaolitaka. Pulizia."

Shemeji alishika mpini. Akaanza kulijaza bomba upepo, juu chini, juu chini, akikwepa macho ya shemeji yake. Kutoka mlangoni mwa nyumba mumewe alikuwa amefika, amejikongoja, akisimama kando ya safu, mikono ikicheza pembeni mwa mapaja. Wote walidhani atamsihi mkewe. Alimwendea mdogo wake.

"Kitambaa," alimwambia. "Hujakilowesha. Kikiwa kikavu hakizuii kitu. Na upepo unakujia wewe, si unaona? Geuka. Ukisimama hapo utaivuta yote."

"Kaka, mwambie atoke."

"Mkeo angekusikia wewe?"

"Atoke, kaka. Nakuomba."

"Loweka kitambaa," mume alirudia. Kisha akapita mbele ya mdomo wa bomba, polepole, akaenda akasimama kwenye mti wa pili, akaushika kadiri mikono yake ilivyoweza kushika.

Mama Ufagio aliacha kucheka. Hakumwambia arudi ndani.

"Pulizia, shemeji," alisema. "Anza na mimi. Usiogope, mimi sina doa."

Mpini ulipanda na kushuka. Bomba lilikuwa limeshajaa, lilikuwa limejaa kitambo, kila aliyewahi kulibeba aliweza kulitambua kwa mlio wake. Lakini shemeji aliendelea kupiga pampu, juu chini, juu chini, kidole mbali na kitufe, jasho likimtiririka shingoni kwenye baridi ile. Mwenyekiti alitazama saa. Nyuma yake wachumaji walikuwa wamekwisha kupanga kreti tupu kwenye nyasi, nembo ya Chama imegeuzwa juu, wakisubiri matunda yavae, yakauke, wayachume.