Nepi Safi

Nepi kumi na moja zilikuwa kwenye beseni zikisubiri kufuliwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na doa. Mseti alizipitia moja baada ya nyingine, akazigeuza mbele na nyuma kama mnunuzi wa ngozi mnadani, akazinusa bila haya mbele ya wapangaji wenzake waliokuwa wakichota maji bombani. Mkojo ulikuwepo, tena wa kutosha. Mavi hayakuwepo. Ilikuwa siku ya saba.

"Unatafuta nini, baba Matiko?" Wankyo aliuliza kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amelishika titi kwa mikono yote miwili.

"Natafuta mavi ya mwanangu."

"Yakija nitakuita. Sitayala peke yangu."

Wapangaji waliangua kicheko. Mseti hakucheka. Alirudisha nepi kwenye beseni, akafuta mikono kwenye suruali yake ya kazi iliyotobolewa na cheche, akabaki amesimama pale uani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Kwa miaka kumi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti hapa Nyakato, lakini chini ya ufundi huo kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe wa kijijini Butiama ambaye hakuwahi kuhama. Na mchungaji huyo alijua sheria moja isiyo na rufaa: ndama asiyekunya siku tatu hafiki ya nne. Aliwaona. Aliwashika miguu ya nyuma akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, huku mama yake, Bhoke, akipenyeza bua la jani la mpapai na kupuliza maji ya mizizi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wengine waliinuka, wengine hawakuinuka. Waliokufa walikuwa, kwa maneno ya mama, wale walioletwa wakiwa wamechelewa. Siku saba! Kama ndama haifiki siku ya nne, je, mtoto wa wiki saba, asiye na hata shingo ya kubeba kichwa chake, alikuwa anaishi kwa mkopo wa nani?

Siku ya tano Wankyo alikwenda kliniki, akarudi na maneno mepesi mno kwa masikio ya mumewe. Nesi alimpima mtoto uzito, akakuta umeongezeka. Alimbonyeza tumbo. Akasema mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita zile wiki za mwanzo, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe mgonjwa, maana maziwa yale yanamwishia mwilini na hayabakizi makapi mengi. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika nyongo ya kijani, akipata homa, akitoa damu au akikataa titi, hapo wasingoje hata nguo zikauke, wamkimbize hospitali.

"Basi?" Mseti aliuliza siku hiyo. "Hakukupa hata kidonge?"

"Hakuna ugonjwa, kidonge cha nini?"

"Nesi wa juzi tu yule. Ana mtoto?"

"Na wewe umezaa wangapi?"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa sato. Karakanani nako hakukuwa na nafuu. Pastory, fundi mwenzake, mwanamume asiyeweza kukaa na habari ya mtu bila kuitia chumvi, aliinua kioo chake cha kuchomelea na kutangaza, "Jamani, mtoto wa Mseti ni kama geti la tajiri. Vinaingia tu, havitoki!" Mafundi walishika mbavu. Mseti alipiga nyundo kwenye chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa. Mchana huo, bila kumwambia mkewe, alimpigia simu mama yake.

Hilo ndilo lililomfanya leo asimame uani kama mgeni. Wankyo hakujua kwamba basi la kutoka Butiama lilikuwa limekwisha kuingia stendi.

*

Bhoke aliingia saa nne asubuhi, kitenge kimefungwa kiunoni kwa fundo la kazi, mkononi mfuko mweusi wa plastiki. Bua la mpapai lilichungulia mdomoni mwa mfuko. Wankyo aliliona kabla ya kumwona mwenye kulibeba. Akamtazama mumewe mara moja tu, na mtazamo ule ulitosha kumvua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama mkwe wangu. Yuko wapi mume wangu?" Bhoke alinyoosha mikono. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu mumewe, na tangu siku hiyo bibi alikuwa akimwita mume na Wankyo mama mkwe, utani ambao ukoo mzima ulifurahia. "Lete nimwone huyu mzee aliyenikimbia. Eh! Kumbe umenona hivi? Unanona bila kunya? Wewe Matiko, hata zamani ulikuwa mchoyo, lakini si kwa kiasi hiki!"

Walicheka wote watatu. Kisha Bhoke akatoa chupa ya maji ya rangi ya kutu, akaiweka sakafuni taratibu, na kicheko kikazimika.

"Mama, nesi amesema asipewe kitu," Wankyo alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, lakini haikuwa na mahali pa kuishikia ili uipinde. "Wala kwa mdomo wala kwa chini."

"Nesi amesema." Bhoke alikaa mkekani, akanyoosha miguu. "Mwanangu, wewe umekulia Bunda kwenye pamba. Pamba hainyi. Sisi tumekulia kwenye vitu vyenye matumbo."

"Ni kweli mama, pamba hainyi. Lakini tumba la pamba hupasuka lenyewe likiiva. Ukilipasua kwa kucha, unachopata ni uchafu."

Bhoke aligeuka kwa mwanawe kana kwamba jibu lile halikutamkwa. "Mseti. Umeniita au hukuniita?"

"Nimekuita, mama."

"Basi kaa hapa. Mshike miguu."

Ilikuwa sauti ile ile ya zizini. Mwili wa Mseti ulitii kabla ya akili yake. Magoti yakakunjika, akajikuta mkekani. Wankyo alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu. Mume alinyoosha mikono.

"Utamchukua wewe," Wankyo alisema. "Mimi simtoi. Ukimchukua, ujue umechukua."

Alimchukua. Alimlaza chali mapajani, akamfungua nepi, akaishika miguu yote miwili kwa mkono mmoja, juu kidogo ya vifundo, kama alivyofundishwa. Yote miwili haikujaza kiganja chake. Bhoke alikuwa akilisafisha bua kwa ncha ya kitenge. Ili mtoto asijirushe, Mseti alimwekea kiganja cha pili juu ya tumbo.

Mkono ukasita.

Alitarajia ngoma. Maisha yake yote alijua tumbo lililofunga linavyokuwa: limekazwa, ukiligonga kwa kidole linakujibu. Hili lilizama chini ya kiganja chake kama unga uliokandwa ukaachwa upumue. Alibonyeza upande wa kushoto, akabonyeza wa kulia. Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake kwa macho yasiyo na kesi na mtu, akakunja uso, akawa mwekundu, akajamba. Ushuzi mrefu, wa kiume, usio na haraka. Halafu akaanza kutafutatafuta titi hewani kwa mdomo.

Mseti aliwakumbuka wale ndama. Hakukumbuka siku zao. Alikumbuka sura zao. Masikio yaliyolegea. Mgongo uliokunjwa kama upinde. Na zaidi ya yote, jinsi walivyoletewa chuchu ya mama yao wakaigeuzia uso. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinyonya. Baba yake, huyu Matiko mwenye jina, hakuwahi kumwekea mnyama dawa kabla hajazunguka zizi mara mbili akimwangalia tu. Na yeye, mwana wa mtu yule, kwa siku saba alikuwa amekagua nepi. Kumwangalia mtoto mwenyewe, hakuwahi hata siku moja.

"Mwinue miguu," Bhoke alisema. Bua lilikuwa tayari.

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Hapana. Huyu haumwi." Aliishusha miguu ya mtoto polepole. "Tumbo lake ni laini. Ananyonya. Anajamba. Weka mkono uone."

"Siku saba, Mseti!"

"Weka mkono, mama."

Bhoke hakuweka. Aliutazama mkono wake wa kuume kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine, kisha akaufumbata. Alipozungumza, ukali ulikuwa umekwisha kumtoka, na hilo lilimtisha Mseti kuliko ukali wenyewe. "Nimezika wawili kabla yako. Chango liliwafunga. Matumbo yao yalikuwa mtungi. Wakati huo sikuwa na dawa hii, nilikaa nikiwaangalia, nikiambiwa subiri, subiri. Sasa na wewe unaniambia nisubiri?"

Wale wawili Mseti hakuwahi kusimuliwa. Aliwajua kwa kutotajwa kwao tu. Moyo wake uliyumba; na kama mtoto angelia wakati ule, hata kidogo, huenda angeinua ile miguu. Lakini mtoto alikuwa ameukamata mkunjo wa shati la baba yake, akiunyonya kwa bidii ya mtu mwenye kibarua.

"Hao walikuwa wagonjwa, mama. Huyu si mgonjwa. Akiwa mgonjwa nitambeba mwenyewe mpaka hospitali, mbio, bila viatu. Lakini hilo bua haliingii kwa mwanangu."

"Kwa hiyo unaniita kutoka Butiama kuja kunifundisha?"

"Nimekuita kwa kosa. Nimekosea kukuita, sikosei kukukatalia."

Bhoke alisimama. Alifunga chupa, akarudisha vitu mfukoni kimoja kimoja. "Basi nirudishieni jina la mume wangu. Mtafutieni mtoto wenu jina huko kwenye pamba."

"Jina ulimpa mbele ya watu. Si sufuria ya kuazima, eti mkigombana unaifuata."

"Akifa, usinipigie simu."

"Hafi."

Alikataa chai. Alikataa kusindikizwa. Wapangaji uani walijifanya wanapepeta mchele. Mseti alibaki mlangoni mpaka kitenge cha mama yake kikapinda kona. Wankyo alikuja akamchukua mtoto, akamfunga nepi. Hakumshukuru. Hakuwa na deni hilo.

Siku ya nane Mseti hakwenda kazini. Alikaa mkekani akimwangalia mtoto kama mtu anayelinda moto usizimike, akimkunja na kumkunjua miguu taratibu kama mkewe alivyoelekezwa kliniki, akimbonyeza tumbo kila baada ya kunyonya. Laini. Laini. Alilala akiwa amekiweka kiganja pale pale. Hofu ilikuwa imekaa naye chumba kimoja, haikufukuzika, ila hakuipa kiti.

Siku ya tisa, jua limeshapanda, mtoto alikunja uso akiwa mapajani mwake. Kilichofuata kilipita nepi, kikapita kanga, kikashuka kwenye suruali ya fundi mpaka gotini. Wankyo alikuja mbio na beseni, akakuta mumewe amekaa vile vile, hasogei, akicheka bila sauti huku machozi yakimchuruzika.

Alimwosha mtoto mwenyewe. Hata kabla hajabadili suruali alichukua simu, akaitazama, akaiweka chini, akaichukua tena. Iliita mpaka ikakaribia kukata.

"Mama. Amepata choo."

Upande wa pili kuku walikuwa wakigombana, na mahali fulani ndoo ilitua chini.

"Rangi gani?" Bhoke aliuliza.

"Manjano. Kama haradali."

"Kigumu?"

"Uji, mama. Uji mtupu."

"Harufu?"

"Ya maziwa tu. Kama mtindi."

Alingoja aambiwe jambo. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kwa tusi. Alikuwa amekwisha kulipangia jibu. Halikuja. Alisikia pumzi ya mama yake ikiingia na kutoka, nzito, ya mtu aliyetua mzigo njiani na bado hajaamua kuunyanyua. Hakukata simu. Mseti naye hakukata. Alisimama pale mlangoni, suruali ikimkaukia gotini, simu imemganda sikioni, na salio likawa linakwenda.