Hosta Zangu Zimegeuka Kijani

Hamida ananiibia. Hilo nililiamini kabla sijapata ushahidi, na ushahidi ulipokuja niliudaka kwa mikono miwili.

Mimi Evelina nina makopo machache ya hosta, mimea midogo ya kivulini yenye majani ya bluu. Niliitoa Lushoto kwenye baridi. Huku Mkonze, Dodoma, jua halina adabu, kwa hiyo nikaificha chini ya kichanja cha mizabibu nyuma ya nyumba. Nikiwa kazini, jirani yangu Hamida ndiye anayemwagilia. Ndiye pia aliyeniletea uji kila siku nilipolazwa. Mtaa mzima sina mwingine wa kumwita dada.

Lakini aliniomba kichipukizi nikamnyima. Baada ya hapo kopo moja likawa kijani. Wiki iliyofuata, la pili. Ala, hosta nayo ni kinyonga? Nikajua tu: anachukua za bluu, ananiwekea za kijani. Kikulacho ki nguoni mwako. Akicheka, najiuliza anacheka nini. Akileta mlenda, naona ananifumba macho.

Jumamosi moja nikakuta limebaki kopo moja tu la bluu. Nikamsubiri getini.

"Hamida, rudisha mimea yangu."

"Mimea gani, mdogo wangu?"

"Usinifanye mtoto. Na kuanzia leo usikanyage kwangu."

Aliweka ndoo ya maji chini, akaondoka. Nikajisemea, mwizi ameumbuka.

Nikaenda kulitunza lile lililobaki. Vumbi la Dodoma lilikuwa limelilalia. Nikalowesha kitambaa, nikafuta jani, kama ninavyofuta kopo moja kila Jumamosi. Siku nyingine hufuta alfajiri gizani; leo, kwenye mwanga, kitambaa kilipopita nikaona bluu ikitoka. Kumbe ile bluu ilikuwa unga mwembamba tu ambao jani hujipaka lenyewe, na chini yake kijani kitupu. Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Jioni nikaenda kwake.

"Shikamoo, dada. Nimekukosea. Hakuna aliyeiba. Ni mimi nilikuwa nafuta rangi yake nikidhani natoa vumbi."

Nikalia mlangoni kwake. Akanivutia kigoda, akanimiminia chai, akasubiri ninywe.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kumwagilia, Evelina, tafuta mtu mwingine."