Tiketi ya Kwenda Tu

Fundi cherehani mmoja, mjane wa miaka hamsini na minane, alijiandikisha darasa la Kiingereza juma lile lile binti yake alipompigia simu kutoka ughaibuni: "Mama, njoo uone mjukuu."

Darasa lilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Mwalimu, mstaafu wa uwanja wa ndege, alifundisha maneno ya safari tu. Fundi aliyaandika kwenye vipande vya karatasi ya kukatia nguo na kuyabandika ukutani, mbele ya cherehani: "luggage", mizigo, "gate", mlango wa kwendea ndegeni, "aisle", njia ya katikati ya viti. Akishona kola, midomo inakwenda. Wateja wakamtania, "Fundi, umeshapaa?" Naye anajibu, "Bado nafunga mkanda."

Tiketi ikaja kwenye simu. Akampa mwalimu awasomee wanafunzi wenzake. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, kisha akamwita pembeni.

"Mama, hapa pameandikwa 'one way'."

"Ndiyo nini?"

"Kwenda tu. Ya kurudi huitwa 'return'. Hii haina."

Alidhani binti kakosea. Akampigia.

"Sijakosea, Mama. Nikirudi kazini, nani atashika mtoto? Huko umebaki na nini?"

"Na kazi yangu."

"Cherehani? Si uuze."

"Ulisema nije kuona mjukuu."

"Utamwona kila siku."

Kulea hakukumuuma; angeombwa, huenda angekubali. Kilichomuuma ni kupangiwa maisha bila kuulizwa, na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akasema bila tiketi ya kurudi haendi. Binti akakata simu.

Miezi miwili baadaye, mama mkwe wa binti akaingia kibandani kwa fundi na kitambaa cha bluu mkononi.

"Mkwe, nishonee gauni la safari. Na nasikia maneno ya ndege unayajua yote. Nifundishe."

Fundi akampima mabega na kiuno, huku akimtamkia neno moja moja na mwenzake akifuatisha. Walipofika kwenye "one way", akasita.

"Hilo nalijua," mkwe akasema. "Tiketi yangu ndiyo hiyo. Binti yako alinieleza kila kitu mapema, akanibembeleza wiki nzima mpaka nikalainika. Bila shaka wewe ndiye uliyemshauri."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

Gauni lilimkaa mkwe vizuri, akaondoka nalo akimshukuru hadi mlangoni.

Wiki mbili baada ya mkwe kusafiri, picha ya mtoto ikaja, bila neno hata moja chini yake. Fundi akazima cherehani. Akaitazama mpaka kioo cha simu kikawa cheusi, akakiwasha, akaitazama tena. Kisha akaandika: "Kafanana na baba yako."

Jibu halikuja siku hiyo, wala iliyofuata.