Tochi Isiyofifia

Kaloleni nzima hakuna anayejua kutunza tochi ya kuchaji kunishinda mimi. Nasema bila haya. Mbili nilizoziua kabla ya hii hazihesabiwi. Ya kwanza niliisahau kwenye soketi wiki nzima ikavimba kama mandazi, na ya pili niliianika juani pamoja na omena, nikidhani nayo inakula jua kama taa ya jirani.

Kwa ya tatu nilitia akili. Ni ya mume wangu Muhidin, fundi wa magari, ambaye hushinda ndani ya shimo la gereji ya Robinson kule Nyamasaria akitengeneza magari kwa chini. Shimo lile ni giza hata saa sita mchana. Tochi ikikufia humo, mkono mmoja uko ndani ya gari la watu na mwingine umeshika nati, utamwita nani? Kwa hiyo kazi ya chaji niliichukua mimi. Siingoji ife kabisa. Kale kataa kekundu kakikonyeza tu, naiweka chaji. Zikijaa zile taa nne za kijani, naitoa, hailali kwenye stima. Tundu la waya nalichokoa kwa kijiti cha meno, maana grisi ya Muhidin huingia kila mahali, hata kwenye pilau. Asubuhi naifunga swichi isije ikajiwasha yenyewe ndani ya mfuko. Na nilimwambia, tumia mwanga wa kati, ule mkubwa ni wa kuringia wageni.

Miaka miwili haikumzimikia hata mara moja.

Ndiyo sababu mwezi wa pili, aliporudi na kuniambia, "Mama Naeema, tochi yako siku hizi inafifia," niliacha sufuria jikoni nikatoka.

Kufifia? Tochi za zamani, zile za mawe ya betri, ndizo zilizokuwa zikififia. Zilikuaga taratibu, nyeupe, njano, halafu kama kiini cha yai, ukapata muda wa kutafuta kiberiti. Hii ya kuchaji haina adabu hiyo. Inawaka kwa nguvu zote hadi dakika ya mwisho, halafu kimya. Inakufa, lakini haififii. Nikaiwasha, nikaielekeza ukutani. Paka alikimbia.

"Umeona?" Muhidin akasema. "Imechoka."

Nikamwangalia yeye, si tochi.

Tulienda kliniki ya macho. Walipomwingiza chumba cha ndani kupimwa, daktari, binti mpole tu, akanikalisha. Akasema ni presha ya macho, na imekaa miaka bila kujulikana. Matone yatalinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi, na kilichopotea ni kingi. Nikamwomba aniachie nimwambie mwenyewe nyumbani, polepole. Akakubali. Alidhani ana mtu mzima mbele yake.

Njiani Muhidin akauliza, "Amesemaje yule binti?"

"Ni presha."

Akacheka mpaka watu wakageuka. "Presha tu! Sasa hiyo ni ugonjwa? Tairi likizidi upepo si unafungua valvu kidogo, psss, gari linaendelea?"

"Ndiyo," nikasema. "Psss."

Huo ndio uongo wangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hata mimi naona kwamba neno lile halina irabu hata moja. Na limenilemea kuliko gunia la mahindi.

Tangu siku hiyo namtia matone asubuhi na jioni, naye ananiuliza kama yanafanya kazi, nami nasema yanafanya. Akimimina chai, chai inapita pembeni ya kikombe, basi nasogeza kikombe kimyakimya kiifuate chai. Akivaa shati kinyume, namwambia nimependa, namvua kwa mzaha kama bi harusi, namvalisha upya. Yeye anacheka. Mimi nalia baadaye, bafuni, bomba likiwa wazi.

Mtasema, mwambie tu, mama. Nyinyi hamumjui Muhidin. Yule mtu ameingia kwenye mashimo ya magereji tangu hajaota ndevu. Nikimwambia, atatoka katika lile la Nyamasaria na hatashuka tena, na sijui ni nani atakayeletwa kukaa kwenye kiti changu cha sebuleni. Niliolewa na fundi. Huyo mwingine sijawahi kumwona.

Robinson naye ameshajua. Alinipigia simu Alhamisi.

"Mama, mzee anafanya kazi na vidole tu. Na bado hakosei, walai. Lakini jana ameegemea jeki akidhani ni ukuta. Siku moja tutaleta maiti kwako. Umwambie."

"Nitamwambia."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita. Jumamosi usipomwambia, namwambia mimi."

Ijumaa, Muhidin akiwa msikitini, shetani akanipa akili. Kama tochi anayoilaumu hadi leo ingekufa kweli, si maneno yake yangekuwa ukweli? Lawama ingebaki kwa tochi, tungeenda kununua nyingine, na hapo ningekuwa nimepata wiki moja zaidi, au mbili. Nikaiwasha ule mwanga mkubwa wa kuringia, nikaifunika kwa ndoo ili ife bila mimi kuiona. Nikakaa kwenye kibao kando ya ndoo, bibi wa miaka sitini na sita, nasubiri tochi ikate roho. Mwanga ukawa unatoka chini, kwenye ukingo uliopasuka. Taa nyekundu ilipoanza kukonyeza katika ufa huo, mkono wangu ukanisaliti. Nikafunua ndoo, nikaiweka chaji. Nisingeweza kuangalia vitu viwili vikizimika katika nyumba moja.

Jumamosi nikabeba chapati na maharagwe, nikaenda Nyamasaria nikiwa nimepanga maneno. Robinson alinisalimia kwa kichwa tu, akanionyesha shimo. Juu yake palikuwa na pikapu ya mtu wa Sondu. Nikashuka zile ngazi nne, nikishikilia ukuta.

Tochi yangu ilikuwa imeng'ang'ania chini ya gari kwa sumaku yake, inawaka. Iliwaka hivi kwamba niliona kila nywele mkononi mwa mume wangu, na kovu la kidole gumba alilolipata mwaka aliozaliwa Naeema, binti yetu. Mikono ile ilikuwa inapapasa nati, inaihesabu kwa ncha za vidole.

"Nani? Mama Naeema? Nimekujua kwa harufu ya chapati." Alitabasamu, akielekeza uso wake kando yangu kidogo. "Umekuja wakati mzuri. Hii tochi yako imekufa kabisa."

Maneno niliyoyapanga nilikuwa nayo, hapa mdomoni. Robinson alikuwa juu yetu, amechuchumaa ukingoni, ananisubiri.

"Imekufa kweli," nikasema. "Samahani, Baba Naeema. Jana nilisahau kuiweka chaji."

"Wewe? Usahau?"

"Uzee."

"Haya, ichukue basi ukaiweke kwa Robinson." Akanyoosha mkono aing'oe kwenye chuma. Kiganja chake kilitangulia kwenye kichwa cha tochi, pale penye kioo. Akakiondoa haraka. Akakirudisha tena, taratibu, akakiacha hapo. Mwanga ukapita katikati ya vidole vyake, mwekundu.

"Mama Naeema."

"Naam."

"Mbona ina moto?"



"Ni joto la injini," nikasema. "Si gari limetoka safari?"

Muhidin hakuutoa mkono wake.

"Injini ya gari hili," akasema, "iko pale mezani kwa Robinson tangu Jumanne. Niliitoa mimi."