Sura ya Tatu ya Süheyla

Süheyla aliiondoa sura ya tatu ya tasnifu yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu profesa wake alitaka hivyo. Asipoipata shahada ya uzamivu safari hii, kazi yake ya mhadhiri msaidizi pale kitivoni Ankara imekwisha.

Na sura yenyewe ndiyo iliyomla miaka sita. Ilionyesha kwamba neno miskin, yaani maskini, Waturuki hawakulipokea moja kwa moja kutoka kwa Waakadi wa kale na vibao vyao vya udongo, kama Profesa Rüknettin alivyohubiri maisha yake yote. Lilipitia kwa Waaramu, kisha kwa Waarabu, ndipo likawafikia. Na mengine thelathini hali kadhalika.

"Mwanangu," Rüknettin alimwambia, "unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

Basi akaandika sura nyingine ya kumpendeza mzee, akijichukia kila ukurasa.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mgeni kutoka Istanbul akaifungua sura hiyohiyo. "Binti, Waaramu umewaacha wapi? Hili hata wa mwaka wa kwanza analijua."

Süheyla akamtazama profesa wake. Rüknettin akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Nimemwambia mara ngapi," akasema. "Lakini huyu ana kichwa kigumu. Hasikii la mtu."

Jibu alikuwa nalo, tena la kumwaibisha mzee hadi kaburini. Lakini miaka sita ya "ndiyo, mwalimu" ilikuwa imeshamfunga mdomo. Wakamtoa nje, wakajadiliana, wakamwita. Tasnifu imekataliwa.

Nje koridoni mama yake, Bi Müzeyyen, alikuwa akingoja na sinia ya börek za jibini, mfano wa sambusa, alizozikanda tangu alfajiri, maana kwa desturi ya pale mtahiniwa ndiye huwakirimu watahini. Alipowaona wanatoka akainuka mbiombio, hajaambiwa neno.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Umenilelea mwanangu kama wako."

"Ah, wajibu wetu huo, Bi Müzeyyen." Rüknettin akachukua kipande, akatafuna, akachukua cha pili. "Mikono yako isichoke. Tamu kwelikweli."

"Süheyla, mbona umesimama?" mama akamkemea. "Wageni hawajapata."

Süheyla akaipokea sinia, akaanza kuwapitishia.