Mguu wa Nne wa Nyati

Kalinga, seremala wa Mafinga, alikuwa na mikono myepesi na kichwa kisichojua kupumzika. Alipotoka vitani Burma alirudi na blanketi, kikohozi, na sarafu moja aliyopewa na askari wa Kimarekani. Upande mmoja ilikuwa na mtu mwenye manyoya nyweleni, upande wa pili nyati. Watu wa Mafinga walimbishia sana huyo mnyama. Nyati gani ana ndevu? Wawindaji waliowahi kukimbizwa na nyati kule Usangu waliapa kuwa yule ni ng'ombe aliyekosa kinyozi.

Sarafu ikalala kwenye kopo la misumari hadi mwaka 1954, zilipokuja habari kutoka Mbeya. Mzee Fanueli, aliyekuwa karani wa machimbo ya dhahabu Chunya, anakusanya sarafu za kigeni, na kuna nyati mmoja wa Marekani anamtafuta kwa udi na uvumba. Akimpata, atatoa bei ya cherehani.

Paskalina, mke wa Kalinga, aliposikia neno cherehani alishindwa hata kula. Aliahidiwa cherehani tangu uchumba. Sasa binti yao Tekla anaota meno ya ukubwani, na mama bado anashona kwa mkono.

Walipompelekea habari kuwa wanayo, Fanueli alijibu kupitia dereva wa basi: waje nayo, ila wasiisugue, maana sarafu iliyosuguliwa haina bei. Paskalina alikuwa ameshachota majivu. Kalinga akamnyang'anya sarafu na kumwonya kama mwalimu wa dini.

Kumbe wa kuonywa alikuwa yeye. Asubuhi ya safari aliitazama juani, akaona jambo la aibu: mguu mmoja wa mbele haupo! Kwato imebaki chini peke yake. Kalinga aliwahi kupeleka ukweni ng'ombe wa mahari anayechechemea, na mpaka leo mashemeji humwigiza kila wakikutana naye. Leo tena ampelekee mnunuzi kilema? Thubutu! Akachukua kichuma chenye ncha, akakaza midomo, akamchonga nyati mguu kutoka goti hadi kwato. Ulitoka mzuri kweli. Hakumwambia mtu.

Fanueli aliwapokea chumbani kwake Mwanjelwa, pale Mbeya.

"Kamwene, baba," Paskalina akasalimu.

"Kamwene. Karibuni." Akashika lenzi. "Mwaka thelathini na saba, vizuri. Herufi D hapa chini, alama ya kiwanda chenyewe. Vizuri sana!" Akavuta kiti karibu na dirisha. Paskalina akamfinya mumewe kwa furaha. "Sasa miguu."

Akahesabu kwa ncha ya ukucha, kisha akashusha pumzi. "Minne."

"Minne kamili!" Kalinga akasema kwa majivuno.

"Basi ni wa kawaida, wamejaa tele. Ninayemtafuta ana mitatu. Fundi wao kiwandani alikwangua kalibu ya kupigia sarafu kupita kiasi, mguu ukafutika. Kosa hilo ndilo bei." Akairudia sarafu. "Ngoja. Huu mguu mbona unang'aa kuliko mingine?"

Kalinga alitamani ardhi ipasuke. "Nilimhurumia, mzee. Kwato ilikuwa peke yake."

Fanueli akajishika kichwa kama aliyefiwa.

Njia nzima hadi stendi Paskalina alitembea mbele bila kugeuka. Kalinga alihesabu hilo kuwa baya kuliko matusi. Walipokaa kungoja basi, mke akaomba sarafu, akaitazama kwa muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika. Kalinga akajua analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Wenzangu waume wao wanauza shamba wanakunywa," akasema. "Wangu kamaliza cherehani kwa kumpa nyati mguu!" Akajifuta macho. "Ila nimeumia, Baba Tekla. Usifikiri sijaumia."

"Najua, mama."

"Jumatatu unaanza kuchonga vitanda vya kuuza. Mpaka cherehani iingie ndani, usimponye mnyama mwingine."

"Sawa, Mama Tekla," akajibu Kalinga, akaanza kuhesabu kwa vidole mbao za kitanda cha kwanza.