Mpira wa Katikati

Siku ile Akeyo alichelewa uwanjani kwa sababu ya kumtumikia mwenzake. Asubuhi nzima alikuwa chumbani kwake Kianda akifunga nyuzi mpya kwenye raketi mbili, yake na ya Sella. Usajili wa tenisi ya wawili wawili ulifungwa saa sita, na kwa miaka kumi na moja kazi hiyo ilikuwa ya Sella: anatoka kwake Kawangware mapema, anawatilia sahihi wote wawili. Akeyo hakuona haja ya kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo aliyozoea?

Pointi zake za mwaka jana zilikuwa zinakwisha Jumatatu. Asipocheza wiki hii, jina lake lingetoka kwenye orodha ya dunia, na kwa miaka yake thelathini na mitatu hakuna ambaye angemrudisha.

Alipofika uwanjani saa sita imepita, na karatasi ya waliosajiliwa ilikuwa imebandikwa ukutani. Jina la Sella lilikuwepo, na kando yake jina la Mdachi mmoja.

"Sella, hii ni nini?"

"Tulia. Nilikuwa nikupigie." Sella alikuwa ameshaichukua raketi yake, anazipigapiga nyuzi kwa kiganja. "Si unajua wanajumlisha ranking zetu kabla ya kuingiza timu? Yako imeshuka. Mimi na wewe tungefungiwa nje."

"Ungeniambia jana, ningetafuta mtu."

"Ungepata nani? Hii ni kazi, bana, si chama ya kina mama."

Mwenye akili angerudi nyumbani akalala. Akeyo, kwa uchungu aliokuwa nao, kesho yake alirudi akaketi jukwaani kutazama.

Seti ya mwisho, Sella na Mdachi wake walibakiza pointi moja tu washinde. Mpira ukapaa, ukaja katikati yao. Mpira wa namna hiyo hauna mwenyewe mpaka mmoja aite, na akishaita, mwenzake hupisha bila kutazama.

"Yangu!" Akeyo akapaza sauti kutoka jukwaani.

Sella akashusha raketi, akapisha. Mdachi, asiyejua Kiswahili, alibaki ameduwaa, na mpira ukadunda kati yao. Refa aliwakemea watazamaji, lakini pointi ilikuwa imekwenda. Kuanzia hapo Sella alikosea mpira baada ya mpira, na mechi ikapotea.

"Mazoea mabaya," kocha Boaz, aliyeketi kando yake jukwaani, alimcheka Akeyo. "Umesahau leo huchezi?"

Akeyo aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amesahau. Mpira huo alikuwa akiusubiri tangu seti ya kwanza, na Sella, aliyesimama akimkodolea macho kutoka uwanjani, alijua.

Jumatatu orodha mpya ikatoka bila jina lake. Akeyo alitamani mtu wa kumpigia simu, amwambie miaka kumi na moja imekwisha. Wa kuyaelewa maneno hayo alikuwa mmoja tu, na namba yake Akeyo aliijua kwa kichwa.